Aliyekaa Edani Kwangu

Wale ambao juma lililopita hamkuwa nami, sogeeni, nitawapa kwa ufupi, maana ya leo ni mengi na nafasi ya gazeti ni finyu.

Mie ni Mwanabaraka binti Kondo, wa Temeke. Mume wangu Bakari, Mungu amrehemu, alifariki nikiwa na miaka ishirini na sita, nikaingia edani. Miezi minne na siku kumi. Shuka jeupe, mkeka, chumba kimoja, hakuna kutoka, hakuna kuonekana na mwanamume asiyekuwa ndugu yangu wa damu. Mlangoni akakaa shemeji yangu Mwishehe, kaka wa marehemu. Alifika kutoka Kilwa siku ya maziko, mie nimekwisha kufunikwa shuka, akaapa harudi kwao mpaka eda ya mke wa nduguye iishe salama. Miezi yote ile hakuwahi kuniona uso.

Zilipobaki siku kumi na moja, serikali ikaniletea samansi. Kaka yangu Salumu kashikwa. Anadaiwa kuiba baiskeli ya Mzungu mmoja wa serikali, Jumatano, wakati wa alasiri, na muuza kahawa wa Keko anasema alimwona akiiendesha.

Uongo mtupu! Jumatano ile, alasiri ile, Salumu alikuwa chumbani kwangu. Aliingia kwa mlango wa uani Shemeji Mwishehe akiwa msikitini, na hakuna kiumbe aliyemwona ila mie. Nisipokwenda kulisema hilo mbele ya hakimu, Salumu anafungwa mwaka mzima, na viboko juu.

Nikamwomba Shemeji ruhusa kwa kumtuma mtoto wa jirani. Akaenda kumwuliza mwalimu wake, akarudi akasimama nyuma ya pazia. "Shemeji, eda ni amri ya Mungu. Samansi ni karatasi ya Mwingereza. Hutoki." Na samansi nayo ilisema nisipofika askari watakuja kunichukua.

Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita. Mungu upande huu, Malkia upande ule, na mie katikati na shuka langu.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, na tafadhali msinihukumu mpaka nimalize.

Nilimwita Apolonia.

Apolonia ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa rozari shingoni. Kimo chetu kimoja, wembamba wetu mmoja. Mume wake, Adelard, ni karani na mkalimani wa mahakama mjini, lakini juma lile alikuwa kapelekwa Kisarawe kwa kazi. Angekuwapo, wallahi nisingethubutu.

"Mwenzangu," nikamwambia, "nataka unikalie eda."

Akanitazama. "Nikukalie nini?"

"Eda. Kesho, tangu asubuhi mpaka adhuhuri tu."

"Mbona mume wangu mzima, Mwanabaraka?"

"Si yako wewe. Yangu."

Loo! Alicheka mpaka akaanguka juu ya godoro, ikabidi nimzibe mdomo kwa mto. Nami nikashikwa na kicheko kilekile. Wajane wa heshima hawacheki edani, najua. Bakari nilimpenda na nilimlilia mpaka macho yakavimba. Lakini mwezi wa nne ulipoingia kicheko kilirudi chenyewe, wala sikukiita.

"Padri akisikia?" Apolonia akauliza akifuta machozi.

"Atasikiaje? Wewe hutasema neno. Mwenye eda hazungumzi na mwanamume wa nje."

"Nikae kimya tu?"

"Kimya tu."

"Aa, hilo naliweza. Kila Jumapili nakaa kimya saa nzima nasikiliza Kilatini nisichokielewa. Hiyo eda yenu itanishinda nini?"

Kisha akaacha kucheka. "Ni kwa ajili ya Salumu, sivyo?"

"Ni kwa ajili ya Salumu."

"Siku ile ya mvua alimbeba Benedicta wangu mgongoni mpaka hospitali, mtoto hajitambui." Akajifunga kanga vizuri. "Basi nitakaa. Nifundishe."

Nikamfundisha. Shemeji Mwishehe alikuwa amejiwekea utaratibu wake. Ili sauti yangu isisikike, kila asubuhi huita kutoka barazani, "Shemeji, umeamka salama?" nami hujibu kwa kugonga ukuta na upawa. Mara moja, salama. Mara mbili, nataka maji. Mara tatu, naumwa, niitie wanawake.

"Na nikitaka kucheka?" Apolonia akauliza.

"Jifunike shuka utikisike. Atadhani unalia."

Kesho yake asubuhi akaja na bakuli la uji kama kawaida yake. Tukabadilishana. Yeye shuka langu jeupe, toka kichwani mpaka vidoleni. Mie gauni lake la Pasaka, la maua mekundu, mikono imefura mabegani, na viatu vyake vyeusi vilivyonibana tangu mlangoni, na mwavuli wake. Nikatia udhu, nikasema bismillahi, nikatoka. Mguu wa kwanza ulipovuka kizingiti nikadhani ukuta mzima utapiga kelele.

Shemeji alikuwa barazani na tasbihi yake, macho chini kama kawaida yake, maana mwanamke wa nje hamtazami.

"Mama Benedicta," akasema, "umemwacha mfiwa wetu hajambo?"

Nikainamisha mwavuli, nikatikisa kichwa kukubali.

"Mungu akulipe. Wewe Mkristo, lakini hapana Mwislamu mtaa huu anayemjali mjane wetu kama wewe."

Nikabana meno, nikapita upesi. Nyuma yangu nikamsikia akiita, "Shemeji! Umeamka salama?"

Ukuta ukajibu: ko!

Mara moja tu. Safi kabisa. Nusura nirushe mwavuli juu kwa furaha.

Nilikwenda kwa miguu mpaka mjini, Keko, Gerezani, huyoo. Miezi minne sijaliona jua! Kila kitu kilinifurahisha. Niliona mbuzi nikamsalimu. Mzee mmoja pale Gerezani akaniambia, "Shikamoo yako iko wapi, binti?" nikampa shikamoo tatu kwa mpigo. Vidole vilikuwa vinawaka moto ndani ya viatu vya Apolonia, nami nacheka peke yangu barabarani, mtu kaenda kumwokoa ndugu yake asifungwe, anacheka! Nilikuwa na hakika, mnanielewa? Nitasema ukweli wangu, Salumu ataachiwa, adhuhuri nitakuwa mkekani kwangu.

Mahakamani nikaketi benchi la nyuma. Wakamleta Salumu. Kakonda kidogo, lakini macho yaleyale ya utundu. Akatazama watu benchi kwa benchi akinitafuta. Macho yakanipita. Yakarudi. Yakaliangalia gauni. Yakaniangalia mie.

Salumu akageukia ukutani mabega yakimtikisika, na askari aliyemshika akamwambia, "Usilie, bwana, uwe mwanamume."

Hapo ndipo mlango wa pembeni ukafunguka akaingia hakimu, Mzungu mrefu, na nyuma yake karani wake kabeba mafaili.

Adelard.

Mume wa Apolonia, mzima, na tai shingoni! Baadaye nilikuja kujua kwamba kazi ya Kisarawe iliisha mapema, akashushwa mjini asubuhi ileile akaingia kazini moja kwa moja, hata nyumbani hajafika. Nikajifuta uso kwa kitambaa, nikajifuta tena, nikaufuta mpaka ngozi ikawasha.

Adelard akafungua faili akaita kwa sauti ya kanisani: "Shahidi wa mshtakiwa! Mwanabaraka binti Kondo!"

Nikasimama. Na benchi la mbele, mtu mwingine naye akasimama.

Shemeji Mwishehe!

Kofia kichwani, tasbihi mkononi, jasho linamtoka. Kumbe niliponyanyua mguu mie, na yeye kanyanyua wake, tena akapanda gari la mkaa akanitangulia!

"Bwana hakimu," akaanza kwa adabu, "mie nimekuja kumwombea udhuru huyo aliyeitwa. Ni mjane wa ndugu yangu, yumo edani, hawezi kufika. Nisameheni sana."

Hakimu akasema neno kwa Kiingereza, Adelard akaligeuza. Kuanzia hapa nitawapa Kiswahili tu, Kiingereza kilibaki kwao.

"Hawezi kufika," hakimu akasema, "na yule aliyesimama kule nyuma ni nani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Na Adelard akageuka.

Lile gauni kitambaa chake kakinunua yeye. Maua yale mekundu kayachagua yeye. Nikayaona macho yake yakitembea: gauni, mwavuli, viatu, kisha polepole yakapanda mpaka usoni pangu. Adelard ananijua. Miaka miwili ananipa "habari za asubuhi, dada" juu ya ua.

"Ni mie, bwana hakimu," nikasema. "Mwanabaraka binti Kondo."

"Si kweli!" Shemeji akapaaza sauti. "Simjui mama huyu!"

"Mtasema wote wawili, mmoja mmoja, kwa kiapo," hakimu akasema. "Mwanamke kwanza."

Nikapita mbele nachechemea. Adelard akaninyoshea Biblia.

"Mie Mwislamu," nikanong'ona.

"Mwislamu?" hakimu akauliza, akinitazama toka mikono iliyofura mpaka viatu. Watu wakaanza kucheka.

"Mwislamu, bwana hakimu. Gauni nimeazima."

Pale pembeni palikuwa na maalim mmoja mzee, kazi yake kuwaapisha Waislamu. Akaniuliza kama nina udhu, nikamwambia ninao. Akanipa msahafu. Nilipoushika tu, kicheko chote kilinitoka. Nikaapa nitasema kweli, na nilikuwa nimekusudia hivyo kwa moyo wangu wote.

"Jumatano ile alasiri ndugu yako alikuwa wapi?"

"Kwangu, bwana hakimu. Aliingia kabla ya adhana ya alasiri akatoka jua linazama."

"Unakumbukaje kwamba ni Jumatano hiyo na si nyingine?"

"Kwa sababu siku hiyo alinishinda mara nne."

"Alikushinda nini?"

Hapo nikatamani sakafu ipasuke. Lakini nimeshika msahafu. "Karata, bwana hakimu."

Ukumbi ukalipuka! Mjane, edani, karata! Wazee wengine wakasema astaghfirullahi na huku ndevu zinawacheza. Salumu kaufunika uso kwa mikono miwili.

"Tena alinishinda kwa wizi," nikaendelea, maana nikishaanza kusema ukweli mie huwa siwezi kusimama. "Ree ya kopa aliificha chini ya mkeka. Niliiona alipoondoka."

Hakimu akainua kalamu. "Kwa hiyo mshtakiwa huwa anaiba?"

"Karata tu, bwana hakimu! Baiskeli hapana!"

Naapa hata hakimu alikohoa akaitazama dari. Nikajiambia, hapa tumepona. Mtu akimchekesha hakimu, kazi imekwisha. Salumu atakula chakula cha mchana nyumbani.

Ikaja zamu ya Shemeji Mwishehe. Akaushika msahafu kwa mikono miwili na machozi yanamlengalenga.

Nataka mjue kwamba Mwishehe si mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua namna ya kupambana naye.

"Bwana hakimu, mie nimekaa mlango wa shemeji yangu miezi minne. Mwanamke mtulivu kuliko yule sijapata kumwona. Hacheki. Hazungumzi. Hata leo asubuhi nimemwita, kanijibu kwa kugonga ukuta, kisha nikamsikia akilia, masikini, shuka zima linatikisika, nimeona kivuli pazia likipeperuka. Huyo ndiye Mwanabaraka binti Kondo. Sasa anakuja mtu na gauni la maua anasema yeye ndiye, na kwamba alikuwa akicheza karata! Shemeji yangu acheze karata? Edani? Wallahi, hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba huyu ni mwongo."

Watu wakanung'unika wakikubaliana naye. Hata mie, kama nisingekuwa mie, ningemwamini yeye.

"Dada yangu huyo!" Salumu akapiga kelele kizimbani. "Karata hajui kucheza, lakini ni dada yangu!"

"Mshtakiwa, nyamaza."

Nikaona hakuna njia ila kusema. "Bwana hakimu, ni kweli nimetoka edani kwa kujificha. Dini yangu ilinikataza kutoka, na sheria yako ilinikataza kubaki. Ningefanyaje?"

Hapo yule maalim mzee akainua kichwa. "Nani kakwambia dini imekukataza?"

"Mwalimu wa shemeji yangu."

"Mwalimu gani huyo?" Akamgeukia Mwishehe. "Mwenye eda akipatwa na dharura hutoka mchana, akatimiza haja yake, akarudi kulala nyumbani kwake. Na hii ni roho ya ndugu yake! Angejitanda shuka lake akaja hapa mchana kweupe, tukampa kiti, tukamsikiliza. Huyo mwalimu wako kasoma juzuu ngapi?"

Mwishehe akazigeukia shanga za tasbihi yake.

Na mie? Mie kicheko kilinirudia, na safari hii kilikuja na kwikwi. Jamani! Kumbe ningeweza kutoka mlango wa mbele! Kumbe Shemeji mwenyewe angenishika mkono akanisindikiza mpaka hapa, akaapa kwamba ndiye mie, na kesi ikaisha kabla ya saa nne! Viatu vyote vile, shikamoo zote zile, upawa wote ule, bure! Nikacheka mpaka askari akanipa maji.

Hakimu akagonga meza. "Mambo ya eda mtayamalizia msikitini. Mie nataka jambo moja. Kama mwanamke huyu ni Mwanabaraka binti Kondo, mshtakiwa hakuiba baiskeli. Kama si yeye, basi mshtakiwa kaleta shahidi wa bandia, nami nitamfunga leo leo. Nani hapa anamjua, asiye ndugu wa mshtakiwa?"

Watu wa Temeke siku ile walikuwa makazini.

Hakimu akageuka. "Karani, wewe unakaa Temeke. Unamjua?"

Nikapumua kwa faraja! Nisikilizeni niwaambie Adelard ni mtu wa namna gani. Ni mtu ambaye akikosea kukuambia saa, anarudi kukutafuta akurekebishie. Sijapata kumsikia akisema uongo, hata ule wa kumsifia mtu mboga. Nikamtazama nikitabasamu, na Salumu naye akatabasamu.

Adelard akatoa kitambaa mfukoni akajifuta paji la uso.

"Namjua, bwana hakimu," akasema. "Huyu ni mke wangu. Anaitwa Apolonia."

Mnasikia mambo hayo?

Mie! Mwenye eda asiyeruhusiwa hata kuposwa, nimepewa mume mbele ya hakimu, tena Mkatoliki, na kalamu ya serikali imekwisha kuandika! Ukumbi ukachafuka. Mwishehe akainua mikono mbinguni kushukuru. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti mahari ilikuwa kiasi gani.

Nilitaka kucheka tena, ndipo nikamwona Adelard vizuri. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nikafahamu yote kwa mara moja. Akisema mie ni Mwanabaraka, ataulizwa ni nani basi aliyegonga ukuta. Askari watakwenda. Watamfunua mke wake mbele ya mtaa mzima, mke wa karani wa mahakama, kashiriki kuidanganya mahakama. Kazi itakwenda. Padri atamtenga. Lakini mie nikikubali kuwa Apolonia, atasema mke wangu kapatwa na wazimu kidogo, atanishika mkono, tutatoka, na mambo yatafunikwa.

Yote yatafunikwa, ila Salumu.

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa haelewi bado, anamtazama Adelard, kisha mie, kisha Adelard, tabasamu bado limebaki usoni kwake halina kazi.

Hakimu akaamuru nirudishiwe msahafu, akainama mbele. "Mama, sikiliza. Umeshika msahafu wako. Wewe ni mke wa karani huyu?"

Adelard akaligeuza swali lile kwa Kiswahili, neno kwa neno, na alipomaliza akaongeza chini chini, "Dada, nakuomba."

Nikaukaza mkono juu ya msahafu.

"La, bwana hakimu," nikasema. "Mimi si mke wake. Mimi ni Mwanabaraka binti Kondo, mjane wa Bakari."

"Basi leo asubuhi huyu shemeji yako kajibiwa na nani? Nani amekaa edani kwako?"

Ningeweza kusema sijui. Nimekwisha kulifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile, msidhani sijalifikiria. Ningeweza kusema ni jini. Lakini nisingemtaja mtu, nani angeniamini? Neno la mie mwenye gauni la kuazima, dhidi ya karani wa serikali na mcha Mungu wa Kilwa? Bila jina, Salumu anakwenda gerezani na viboko juu. Na mkono wangu uko juu ya kitabu.

Nikamtaja.

"Ni Apolonia, mke wa karani wako. Nilimwomba mimi. Alikubali kwa sababu ananipenda."

Hakimu akamgeukia mkalimani wake, akangoja. Adelard akaiweka kalamu mezani, akainyosha ilale sawasawa na karatasi.

"Karani, amesema nini?"

Adelard hakutafsiri. Lakini jina lile hakimu alilisikia, maana dakika ileile alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Akamwita askari wa mlangoni kwa kidole, akamwambia achukue gari na mwenzake mmoja, waende Temeke, wamlete watakayemkuta chumbani kama watakavyomkuta, bila kumpa nafasi ya kubadili hata kitambaa. Mshtakiwa akae palepale. Mie nikae palepale. Mtu yeyote asitoke.

Gari likaunguruma nje likaondoka. Nikamtazama Salumu naye ananitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuweza kumsoma.

Na Apolonia wakati huo alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu Temeke, shuka langu kichwani, hajasema neno tangu asubuhi kama nilivyomwagiza, anangoja adhuhuri nirudi.